Kemikali ya kikaboni hutoka majini kwa kasi gani, na namna ya kuikadiria

Msomaji mmoja ametuandikia kwamba anafuatilia kemikali kadhaa za kikaboni zilizoyeyuka katika maji, na kwamba amezipanga kwa kufuata kiwango cha kuchemka, akitarajia inayochemka mapema iwe pia ya kwanza kutoka. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi joto 78 za Selsiasi na benzeni kwenye nyuzi 80, kwa hiyo alidhani zingepungua karibu sambamba. Alipopima, benzeni ilikuwa imekwisha karibu yote ilhali ethanoli haikuwa imepungua kwa kiasi cha kuonekana. Anauliza kosa liko wapi, na kama kuna njia ya kukadiria kasi hiyo kabla ya kupima.

Ndugu msomaji, vipimo vyako havina tatizo. Kilichokupotosha ni kiwango cha kuchemka, ambacho hueleza jinsi molekuli inavyojinasua kutoka kwa molekuli zenzake ndani ya kimiminika kisichochanganywa na kitu kingine. Katika maji yako hali si hiyo, kwa kuwa kemikali ni chache na kila molekuli yake imezungukwa na molekuli za maji pande zote, hivyo swali la kuuliza ni jinsi maji yanavyoipokea au kuikataa. Ethanoli ina kundi la oksijeni na hidrojeni linaloshikamana na maji kwa bondi za hidrojeni, na maji huikaribisha kwa urahisi. Benzeni haina kitu cha namna hiyo. Ili ipate nafasi, maji hulazimika kuachana na kujipanga upya kuizunguka, na kwa sababu hiyo huisukuma itoke.

Tofauti hiyo inaweza kutajwa kwa tarakimu. Kwenye nyuzi 25, shinikizo la mvuke wa benzeni tupu ni takriban paskali 12,700 na la ethanoli tupu ni takriban 7,900, yaani hazijaachana sana, sawasawa na viwango vyake vya kuchemka. Lakini zikiwa chache ndani ya maji, mwelekeo wa benzeni kutoroka huongezeka takriban mara 2,400 kuliko ungekuwa iwapo maji yangeitendea kama molekuli yake yenyewe, wakati wa ethanoli huongezeka chini ya mara nne tu. Pengo ulilolipima linatoka hapo.

Kipimo kinachobeba mambo haya mawili kwa pamoja, shinikizo la mvuke na namna maji yanavyoipokea kemikali, huitwa konstanti ya Henry, kwa jina la Mwingereza William Henry aliyeeleza kanuni yake mwaka 1803. Kanuni inasema kwamba katika joto lisilobadilika, kiasi cha gesi kinachoyeyuka katika maji hulingana na shinikizo la gesi hiyo juu ya maji. Kwa kemikali isiyoyeyuka sana, konstanti hupatikana kwa kugawanya shinikizo la mvuke kwa umumunyifu. Chukua benzeni: umumunyifu wake ni takriban gramu 1.78 kwa lita, na kwa kuwa moli moja ina gramu 78, hiyo ni karibu moli 23 kwa kila mita ya ujazo. Gawanya 12,700 kwa 23 na utapata takriban paskali 555 mita za ujazo kwa moli. Ukigawanya tena kwa 2,480, ambayo ni konstanti ya gesi ikizidishwa kwa halijoto ya kelvini 298, unapata 0.22, nambari isiyo na kipimo ambayo maana yake ni nyepesi kushika: mambo yakitulia, kila lita ya hewa itakuwa na benzeni 0.22 ya ile iliyomo katika lita ya maji. Nitaiita uwiano wa hewa kwa maji. Kwa ethanoli uwiano huo ni takriban 0.0002, yaani mara elfu moja pungufu.

DDT, dawa ya kuua wadudu, inaonyesha jambo hili kwa namna inayowashangaza wengi. Shinikizo lake la mvuke ni takriban paskali 0.00002, mara mamia ya mamilioni chini ya la benzeni, na mtu anayesoma safu hiyo peke yake angeapa kwamba DDT haitoki majini kamwe. Hata hivyo umumunyifu wake nao ni mdogo mno, mikrogramu chache tu kwa lita, na ukigawanya kidogo kwa kidogo unapata konstanti ya Henry ya takriban paskali 1 mita za ujazo kwa moli, ambayo ni kubwa kuliko ya ethanoli. Kemikali nzito, isiyo na harufu ya kutajika, ambayo ikiwa tupu ni kama unga uliotulia, hutamani kutoka majini kuliko pombe.

Ugawanyaji huo una masharti. Shinikizo na umumunyifu lazima viwe vya joto moja na vya hali moja, kwa sababu kwa kemikali ambayo ni yabisi katika joto la kawaida, shinikizo la yabisi likigawanywa kwa umumunyifu unaokadiriwa kama kwamba ni kimiminika, au kinyume chake, jibu hukosewa mara kadhaa. Kwa kemikali inayochanganyika na maji bila kikomo, kama ethanoli, hakuna umumunyifu wa kugawanyia, na inabidi konstanti ipimwe moja kwa moja au ikokotolewe kutokana na mwelekeo wa kutoroka nilioutaja. Kagua pia vipimo katika jedwali unalolisoma, kwani wengine huandika konstanti ya Henry kwa atmosfia, wengine kwa paskali, na wengine huigeuza kichwa chini ili nambari kubwa iwe na maana ya kupenda maji. Makosa mengi ninayoyaona katika kazi za namna hii huanzia hapo.

Pale ambapo hakuna kipimo chochote, muundo wa molekuli wenyewe hutoa makadirio. Hine na Mookerjee walionyesha mwaka 1975 kwamba kila aina ya bondi katika molekuli huchangia sehemu yake katika uwiano wa hewa kwa maji, na kwamba michango hiyo inaweza kujumlishwa. Meylan na Howard waliipanua njia hiyo mwaka 1991, na ndiyo inayotumika ndani ya programu ya makadirio inayotolewa bure na shirika la mazingira la Marekani, EPA. Naiamini kwa molekuli sahili. Kwa molekuli yenye makundi mengi yanayoshikamana na maji, au yanayoshikamana yenyewe kwa yenyewe, inaweza kukosea kwa mara kumi na zaidi, kwa hiyo itumie kuamua kemikali iko katika kundi gani, si kutoa nambari ya kutetea.

Hadi hapa tumejua kemikali inataka kwenda wapi. Itafika kwa kasi gani ni suala jingine, na katika suala hilo konstanti ya Henry ikiachwa peke yake nayo hupotosha.

Maelezo yanayotumika zaidi ni ya tando mbili, yaliyotolewa na Whitman mwaka 1923. Sehemu kubwa ya maji huchanganywa na mkondo na upepo, na hewa ya juu vivyo hivyo, lakini pale yanapokutana msukosuko hufifia. Upande wa maji hubaki utando wenye unene wa makumi machache ya mikromita, mwembamba kuliko unywele, na upande wa hewa utando wa milimita chache. Ndani ya tando hizi molekuli haibebwi na chochote. Husambaa yenyewe, hatua kwa hatua, na usambaaji katika maji ni wa polepole mara maelfu kuliko katika hewa. Ni kama mtu anayetoka nyumbani kwa kupita milango miwili mfululizo: mlango mzito zaidi ndio unaoamua atatumia muda gani, na kuupaka mafuta ule mwepesi hakumsaidii.

Ukinzani wa tando hizi hujumlishwa hivi:

1/K = 1/m + 1/(h × A)

K ni kasi ya jumla ya kutoka, m ni kasi ya kupenya utando wa maji, h ni kasi ya kupenya utando wa hewa, na A ni uwiano wa hewa kwa maji. Nusumaisha, yaani muda ambao nusu ya kemikali hutoka, ni 0.693 ikizidishwa kwa kina cha maji na kugawanywa kwa K.

Kwa m na h tunahitaji nambari za kuanzia. Mwaka 1974 Liss na Slater walipendekeza kwa uso wa bahari sentimita 20 kwa saa kwa dioksidi ya kaboni upande wa maji, na sentimita 3,000 kwa saa kwa mvuke wa maji upande wa hewa. Kwa kemikali nyingine kila kasi huzidishwa kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa uzito wa molekuli, kwa kuwa molekuli nzito husambaa polepole zaidi. Benzeni ina uzito wa 78 na dioksidi ya kaboni 44, hivyo m inakuwa karibu 15. Nayo h, ikilinganishwa na mvuke wa maji wenye uzito wa 18, inakuwa karibu 1,440, na ikizidishwa kwa 0.22 ni zaidi ya 300. Utando wa hewa basi si kizuizi cha maana, K inatoka 14.3, na katika maji ya kina cha mita 1 nusu ya benzeni hutoka kwa muda usiofika saa 5.

Fanya hesabu ileile kwa ethanoli. Sasa m ni karibu 20, lakini h ya takriban 1,880 ikizidishwa kwa uwiano mdogo wa 0.0002 haizidi 0.4, na hicho ndicho kinachoamua. Nusumaisha kwa kina hichohicho ni siku 7 hadi 8. Angalia vizuri: konstanti za Henry zimeachana mara elfu moja, ila kasi zimeachana mara 37 hivi, kwa sababu benzeni imezuiwa na utando wa maji ambao haujali konstanti hiyo ni kubwa kiasi gani. Kemikali yenye konstanti mara kumi ya benzeni, ikiwa na uzito uleule, isingetoka kwa kasi inayotofautiana kwa maana na yake.

Ukizisawazisha sehemu mbili za fomyula utaona kwamba, kwa nambari hizi, tando zote mbili huzuia sawasawa A ikiwa karibu 0.01, na uzito wa molekuli hujifuta katika hesabu hiyo kwa kuwa umeingia pande zote mbili. Mpaka huu ndio ningependa uushike kuliko fomyula yoyote. Kemikali iliyo juu yake sana, kama benzeni na vimumunyisho vingi vyenye klorini, huharakishwa na kila kinachosukasuka maji: mkondo, mawimbi, maporomoko, mapovu ya hewa. Iliyo chini yake sana, kama ethanoli, haijali maji yanakorogwa namna gani. Inachohitaji ni upepo unaofagia mvuke juu ya uso. Ndiyo sababu kupuliza mapovu katika tangi la majitaka huiondoa benzeni upesi na kuiacha ethanoli karibu yote, kwani povu hujaa ethanoli kidogo tu kisha halichukui tena.

Upande wa chini kabisa kuna mpaka mwingine ambao husahaulika. Maji nayo hugeuka mvuke, na uwiano wake wa hewa kwa maji kwenye nyuzi 25 ni takriban 0.000023. Fenoli ina karibu 0.000016. Maana yake ni kwamba katika bwawa linalokauka katika hewa kavu, maji huondoka kwa kasi kubwa kuliko fenoli, na kama hakuna kitu kingine kinachoiharibu, ukolezi wa fenoli hupanda badala ya kushuka. Fomyula itakupa nusumaisha ya zaidi ya miezi minne kwa kina cha mita 1, lakini kwa kemikali ya aina hii nambari hiyo haina kazi; bakteria na mwanga huimaliza mapema zaidi, na ethanoli pia mara nyingi huliwa na bakteria kabla siku zake 8 hazijafika. Kila unapokadiria mvukizo, linganisha na njia nyingine za upotevu kabla ya kuupa sifa yote.

Sasa kina. Fomyula inachukulia kwamba maji yamechanganyika kuanzia juu hadi chini, kiasi kwamba benzeni inayotoka kwenye uso inafidiwa mara moja na iliyo chini. Kwa maji ya mita 10 yaliyochanganyika, saa 5 zinakuwa karibu siku 2. Lakini ziwa lenye tabaka la joto juu na la baridi chini halichanganyiki hivyo, na kemikali iliyoingia katika tabaka la chini inaweza kukaa humo hadi tabaka zitakapopinduka, hata ikiwa ni tete namna gani. Hapo tumia kina cha tabaka la juu peke yake kwa kile kilicho juu, na kilicho chini kihesabu kuwa kimefungiwa.

Jambo jingine ambalo hupuuzwa ni kwamba molekuli inayoweza kutoka ni ile iliyo huru na isiyo na chaji. Asidi asetiki, yenye pKa (yaani pH ambayo nusu yake huwa ayoni) ya 4.76, ikiwa katika maji ya pH 7 huwa karibu yote ni ayoni, na ni takriban 0.6 ya asilimia tu iliyo katika hali ya kutoka. Zidisha kasi uliyoipata kwa sehemu hiyo. Kwa besi kama trimethilamini mambo hugeuka, na kupandisha pH ndiko kunakoifungulia njia. Chembechembe zilizoelea nazo hukamata kemikali zisizopenda maji. DDT tuliyoiona ina nusumaisha ya siku 11 hivi katika maji safi ya mita 1, kwa konstanti ya takriban 1. Weka humo miligramu 50 za chembechembe kwa lita, na tuseme kila kilo ya chembechembe hizo hubeba DDT iliyo sawa na ile ya lita 100,000 za maji: sehemu moja katika sita tu ndiyo itakayobaki huru, na siku 11 zitakuwa miezi miwili na zaidi. Nyingi yake huenda ikazama pamoja na mashapo kabla ya hapo.

Joto huongeza konstanti ya Henry ya kemikali tete nyingi kwa mara moja na nusu hadi mbili kwa kila nyuzi 10. Kwa zile zilizozuiwa na utando wa hewa, kasi hupanda karibu kwa kiwango hicho. Kwa zilizozuiwa na utando wa maji, kama benzeni, hupanda kwa robo hivi, kwa kuwa kinachobadilika ni usambaaji. Chumvi ya bahari husukuma hidrokaboni nje kidogo zaidi. Utando wa mafuta au sabuni juu ya maji hupunguza kasi, hasa kwa kutuliza mawimbi madogo.

Ikiwa maji yako ni ya mto, nambari za Liss na Slater, zilizokusudiwa bahari, hazifai kuwa neno la mwisho. Kwa kemikali zilizo juu ya mpaka wa 0.01 kuna njia ninayoipendelea, nayo ni kuifuata oksijeni. Oksijeni inayoingia mtoni hupenya utando uleule wa maji ambao benzeni hupenya ikitoka, kwa hiyo kasi zake hufuatana. Kwa kemikali nyingi tete, uwiano wa kasi yake kwa ile ya oksijeni huwa karibu nusu hadi 0.6. Fomyula ya O'Connor na Dobbins ya mwaka 1958 hutoa kasi ya kurudi kwa oksijeni kwa siku: 3.93 ikizidishwa kwa kipeuo cha pili cha kasi ya mkondo katika mita kwa sekunde, kisha kugawanywa kwa kina katika mita kilichopandishwa kwenye kipeo cha 1.5. Mto wenye mkondo wa mita 0.5 kwa sekunde na kina cha mita 1 hupata 2.8 kwa siku. Zidisha kwa 0.57 na nusumaisha ya benzeni inakuwa saa 10 au 11.

Njia ya kwanza ilisema saa 5. Hakuna iliyokosewa, hiyo ndiyo tofauti ya kawaida kati ya njia nzuri mbili, na ripoti inayosema "saa 5 hadi 11" inastahili kuaminiwa kuliko inayosema "saa 4.84". Ikiwa uamuzi wako hauwezi kuvumilia pengo hilo, pima kurudi kwa oksijeni katika maji yako mwenyewe badala ya kukopa fomyula ya mto mwingine. Na ukipima benzeni yenyewe, jaza chupa hadi ukingoni bila povu na uifunge papo hapo, kwa sababu chupa iliyojaa nusu, kwa uwiano wa 0.22, itakuwa imepoteza asilimia 18 ya benzeni kwenda katika hewa iliyo chini ya kifuniko kabla haijafika maabara, na utaihesabu kuwa ilitoka mtoni.